Gunpei Yokoi, fundi aliyeshinda vita vya biti 16 kwa mashini ya biti 8

Watu wanapokumbuka michezo ya video ya miaka ya 1990, majina yanayorudi mdomoni ni ya mashini mbili za kuunganisha na televizyo: Mega Drive ya shirika la Sega, na Super Nintendo. Zote mbili zilikuwa za biti 16, na vijana wa Japani, Marekani na Ulaya waligombana juu yao namna wengine wanavyogombana juu ya timu za mpira. Nani ana rangi nyingi? Nani ana mwendo wa kasi? Nani ana muziki mzuri? Lakini ndani ya miaka hiyo hiyo, mashini nyingine ilikuwa inauzwa kimyakimya. Ilikuwa ya kijivu, haikuwa na rangi, prosesa yake ilikuwa ya biti 8 tu, na ilifanya kazi kwa pile nne. Jina lake Game Boy. Ukiihesabu pamoja na mdogo wake aliyekuja baadaye na kioo cha rangi, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Mega Drive na Super Nintendo, hata zikiwekwa pamoja, hazifiki hapo.

Mtu aliyeongoza kazi ya kuitengeneza aliitwa Gunpei Yokoi. Hakuwa profesa wala mtaalamu wa kompyuta. Aliingia Nintendo kama fundi wa kuangalia mashini za kutengeneza karata, na kwa miaka 31 alibaki na wazo moja tu kichwani, wazo ambalo wakubwa wengi wa kazi hiyo walilidharau.

Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 ndani ya mji wa Kyoto, mji wa zamani wa wafalme wa Japani. Alisoma mambo ya umeme kwenye Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humo humo. Alama zake hazikuwa za kujivunia. Alipomaliza, aliomba kazi kwenye mashirika makubwa ya vyombo vya umeme, yakamkatalia. Nintendo ilikuwa karibu na nyumbani, na ilimkubali. Ni hayo tu yaliyompeleka pale kunako mwaka 1965.

Nintendo ya wakati ule haikuwa na uhusiano wowote na televizyo. Ilianzishwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua, na miaka zaidi ya sabini baadaye bado iliishi kwa karata. Mkurugenzi wake, Hiroshi Yamauchi, alichukua uongozi mwaka 1949 akiwa kijana wa miaka 22, na kwa miaka mingi alikuwa anatafuta njia ya kutoka humo. Alijaribu taxi. Alijaribu wali wa kupikwa haraka kwa maji ya moto. Hakuna kilichoshika. Kazi ya Yokoi pale ilikuwa kuangalia kama mashini za karata zinazunguka vizuri. Zilipozunguka vizuri, hakuwa na la kufanya.

Basi akaanza kujitengenezea vitu vya kuchezea. Kimoja kilikuwa mkono mrefu wa vijiti vilivyopishana kama mkasi: ukibana huku, mkono unarefuka na kushika kitu kule mbali. Yamauchi alipopita kwenye kiwanda akamwona nacho, kisha akamwita ofisini. Yokoi alidhani anaenda kukemewa kwa kucheza saa za kazi. Badala yake aliagizwa akigeuze kuwa bidhaa ya kuuza. Kilitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, kikauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu siku hiyo fundi wa karata akawa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea, na Nintendo ikapata njia.

Vitu alivyotengeneza ndani ya miaka iliyofuata vinaonyesha kichwa chake kilivyofanya kazi. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kisanduku kidogo chenye mshale, ambacho mvulana na msichana walikishika kila mmoja upande wake huku wakishikana mikono, na mshale ukaonyesha eti wanapendana kiasi gani. Kwa kweli kilipima tu umeme mdogo unaopita ndani ya miili yao. Yokoi hakuficha kwamba shabaha ilikuwa kuwapa vijana sababu ya kushikana mikono, jambo ambalo halikuwa rahisi Japani ya wakati ule. Chombo chenyewe kilikuwa cha kawaida sana, kama vile vinavyopatikana kwenye karakana yoyote ya umeme.

Mwaka 1970 ikaja bunduki ya mwanga. Masayuki Uemura, aliyekuwa anafanya kazi Sharp, alifika kuuza vidude vinavyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kila mtu alivitazama kama chanzo cha umeme. Nintendo ilivitumia kama jicho: bunduki inatoa mwanga, kidude kinauona, shabaha inaanguka. Uemura mwenyewe aliacha Sharp akahamia Nintendo, na baadaye ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Famicom na Super Nintendo. Wazo hilo la bunduki lilikuzwa mwaka 1973 kuwa mchezo mkubwa wa kulenga shabaha ndani ya kumbi za bowling ambazo zilikuwa zimekosa wateja. Siku ya ufunguzi, inasimuliwa, mashini ziligoma, na wafanyakazi wakajificha nyuma ya ukuta wakiangusha shabaha na kuhesabu alama kwa mkono, huku wageni wakidhani ni teknolojia. Kisha ukaja mtikisiko wa bei ya petroli mwaka ule ule, maagizo yakafutwa, na Nintendo ikabaki na deni zito.

Katikati ya mambo hayo kuna kitu kimoja kidogo kinachostahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndani yake mna Yokoi mzima. Mwaka 1972 magari ya kuchezea yanayoongozwa kwa redio yalikuwa ghali, kwa sababu kila amri, kulia, kushoto, mbele, nyuma, ilihitaji vifaa vyake. Yokoi aliondoa karibu yote. Gari yake, Lefty RX, ilikwenda mbele yenyewe, na ukibonyeza inakata kushoto. Basi. Kulia haikati. Lakini uwanja wa mashindano ni mviringo, na kwenye mviringo kushoto panatosha. Bei ikashuka sana, na watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua gari ya redio wakapata ya kwao.

Baadaye Yokoi alilipa wazo hili jina, na wanaojifunza ufundi wa vitu hivi wanalirudia mpaka leo: kutumia teknolojia iliyokauka, kwa fikra inayotoka upande. Kukauka hapa si kuoza. Ni kama mti uliokwisha kukomaa: tabia yake inajulikana, hautageuka umbo tena, na unapatikana kwa bei ya chini. Teknolojia mpya kabisa ni ghali, inaharibika ovyo, na kila mshindani anaikimbilia. Ile ya zamani imekwisha kulipiwa na wengine. Kazi iliyobaki ni kuipeleka pahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona.

Hadithi ya Game & Watch ndiyo mfano mkubwa wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Sharp na Casio walikuwa kwenye vita vikali vya mashini ndogo za kuhesabia. Bei za vioo vyake na vya chipu zake zilianguka. Siku moja, akiwa ndani ya treni ya mwendo wa kasi, Yokoi alimwona mfanyakazi wa ofisi aliyechoka na safari akibonyezabonyeza mashini yake ya kuhesabia bila sababu, kupitisha muda tu. Akawaza kuhusu mchezo mdogo ambao mtu mzima angeweza kuuficha mkononi bila aibu mbele ya abiria wengine.

Wazo hilo lingeweza kufia pale. Lakini siku fulani shoferi wa Yamauchi hakuwepo, na gari la mkurugenzi lilikuwa na usukani wa kushoto, ambao si wengi Japani waliuzoea. Yokoi, mpenzi wa magari ya kigeni, akaombwa kuendesha. Njiani, kwa kuvunja ukimya tu, alieleza habari ya mchezo wa mfukoni. Yamauchi hakuonyesha kama amesikia. Kwenye mkutano aliokuwa anaenda, alikaa karibu na mkubwa wa Sharp. Baada ya siku chache wakubwa wa Sharp walifika Nintendo kuulizia kazi hiyo, na Yokoi akashangaa kuona mazungumzo ya ndani ya gari yamekuwa amri.

Mchezo wa kwanza, Ball, ulitoka mwezi wa Aprili 1980. Kioo cha mashini ya kuhesabia, chipu ya mashini ya kuhesabia, na saa pembeni, kwani chipu hiyo ilijua kuhesabu saa bila gharama ya ziada. Ndani ya miaka kumi na moja, michezo ya Game & Watch iliuzwa zaidi ya milioni 43 duniani, na deni la Nintendo likaisha.

Mwaka 1982 ilifika zamu ya Donkey Kong kuingizwa ndani ya Game & Watch. Mchezo huu ulikuwa umezaliwa mwaka uliotangulia kwa mashini za kumbi, kazi ya kijana mchoraji Shigeru Miyamoto chini ya uangalizi wa Yokoi. Tatizo lilikuwa moja: shujaa wake anakwenda pande nne, na mashini za kumbi ziliongozwa kwa fimbo. Fimbo haiingii ndani ya kitu kinachokunjwa kama kitabu na kuwekwa mfukoni. Vibonyezo vinne vilivyoachana, navyo, vinamlazimisha mchezaji kuangalia kidole chake kila mara. Yokoi aliviunganisha kuwa kipande kimoja chenye umbo la msalaba, kilichokaa juu ya kitovu, kikiinama upande unaobonyezwa. Kidole gumba kinajua kiko wapi bila macho kushuka.

Mwaka uliofuata, msalaba huo uliwekwa upande wa kushoto wa maneti ya Famicom, na haukuondoka tena. Maneti ya Super Nintendo ilipotoka mwaka 1990 ilikuwa na vibonyezo vinne upande wa kulia na viwili mabegani, lakini mkono wa kushoto ulikuta msalaba ule ule. Sega iliuzungushia duara kwenye Mega Drive. Sony iliugawa vipande vinne kwenye PlayStation, mwaka 1994. Kila mmoja alitafuta namna yake ya kutofanana na Nintendo kabisa, na kila mmoja alibaki na kitu kile kile. Mtoto yeyote aliyewahi kushika maneti, hata ya kuazima, hata iliyokatika waya na kufungwa kwa utepe, ameweka kidole juu ya wazo la Yokoi.

Yokoi aliongoza kitengo cha kwanza cha utafiti ndani ya Nintendo. Kilitoa mambo mengi: roboti ndogo ya plastiki ya mwaka 1985, iliyosaidia kuwashawishi wenye maduka ya Marekani kwamba konsoli ya Nintendo ni kitu cha kuchezea, si mchezo wa video, wakati maduka hayo hayakutaka tena kusikia habari za michezo ya video baada ya soko kuanguka mwaka 1983. Roboti yenyewe ilikuwa na michezo miwili tu na ilisahaulika haraka, lakini ilikuwa imekwisha kufungua mlango. Mwaka 1986 kikatoa Metroid, safari ya peke yako ndani ya mapango ya sayari ya mbali, ambamo shujaa aliyefunikwa chuma anajulikana mwishoni kuwa mwanamke.

Kisha ikaja Game Boy, na hapa sifa zinapaswa kugawanywa. Yokoi alikuwa mkubwa wa kazi, lakini Satoru Okada, injenia wa chini yake, ndiye aliyepigania iwe mashini kamili, yenye kaseti za kubadilisha kama Famicom. Yokoi mwanzoni alitaka kitu chepesi zaidi, mwendelezo wa Game & Watch. Okada alishinda juu ya hilo. Yokoi alishinda juu ya rangi: hakutaka rangi. Kioo cha rangi kilikuwa ghali na kilinyonya umeme. Aliamini mchezo wenyewe ukikushika, kichwa chako kinatia rangi. Ukichora duara mbili ubaoni na kusema ni mtu wa theluji, kila mtu anaona weupe wake.

Ndani ya shirika wengine waliicheka mashini hiyo. Kazi karibu ivunjike kabisa pale ambapo kioo cha kwanza kilionekana vibaya: ukikitazama kwa pembe ya mkono, picha inapotea. Yamauchi alikasirika. Yokoi alipitia siku mbaya sana mpaka Sharp ilipopatikana na aina nyingine ya kioo, ya kijanikijani, isiyopendeza lakini inayoonekana. Tarehe 21 Aprili 1989 Game Boy ikaanza kuuzwa Japani. Nchini Marekani iliuzwa chini ya dola 90, ikiwa na Tetris ndani ya sanduku.

Washindani hawakukawia. Atari ilileta Lynx mwaka huo huo, yenye rangi na taa nyuma ya kioo, kwa bei karibu mara mbili. Sega ilileta Game Gear mwaka 1990, nayo ya rangi. Mtu yeyote aliyeziweka mezani pamoja aliona kwamba Game Boy ni ya jana. Lakini Lynx na Game Gear zilikula pile sita kwa masaa matatu mpaka matano. Game Boy ilipewa pile nne, ikacheza zaidi ya masaa kumi. Kwa mkaaji wa Goma au Bukavu, anayejua mawe ya redio yanavyouzwa na yanavyokwisha usiku ambapo umeme umekatika, hesabu hii haihitaji maelezo. Wazazi wa Marekani na Ulaya walifikia jibu lile lile kwa njia yao: mtoto aliyepewa Game Gear aliwaomba pile mpya kila siku.

Ilikuwa pia ngumu kuvunjika. Moja iliungua kwa bomu wakati wa vita ya Ghuba mwaka 1991, plastiki yake ikayeyuka, na bado ikaweza kuwaka. Nintendo iliiweka kwenye maonyesho New York. Nyingine ilipanda mpaka chombo cha anga cha Warusi, Mir, mwaka 1993, mfukoni mwa mwanaanga Aleksandr Serebrov, pamoja na Tetris.

Hapo ndipo vita vya biti 16 vilikuwa vinawaka. Sega ilikuwa imetoa Mega Drive Oktoba 1988, na kuanzia mwaka 1991 Sonic, nungunungu wa bluu, alikuwa anakimbia kwenye kila tangazo kuonyesha kwamba Nintendo imezeeka. Super Famicom ilitoka tarehe 21 Novemba 1990, kazi ya kitengo cha Uemura. Kitengo cha Yokoi hakikujitenga na mashini hiyo. Mwezi wa Machi 1994 kilitoa Super Metroid, chini ya uongozi wa Yoshio Sakamoto, ndani ya kaseti ya megabiti 24, kubwa sana kwa wakati wake. Wengi bado wanauhesabu kati ya michezo mizuri kuliko yote ya biti 16. Karibu hauna maneno. Mchezaji anaachwa peke yake kwenye mvua na giza, na kila mlango uliofungwa ni fumbo atakalorudi kulitatua akiwa na silaha nyingine. Mtu aliyeona kitengo hicho kikikataa rangi kwenye Game Boy anaweza kushangaa jinsi kilivyojua kuzitumia kilipopewa. Mwaka huo huo wa 1994 Nintendo ilitoa kaseti iitwayo Super Game Boy, ambayo ilipachikwa juu ya Super Nintendo ili michezo ya ile mashini ya kijivu ichezwe kwenye televizyo.

Kosa kubwa la maisha yake lilianzia hapo. Shirika dogo la Marekani, Reflection Technology, lilikuwa na kioo cha ajabu: mstari wa taa ndogondogo nyekundu na kioo cha kujitazama kinachotikisika kwa kasi, hivyo macho yakaona picha nzima ikielea gizani kwa kina. Yokoi aliipenda. Taa nyekundu zilikuwa za bei ya chini, zile za bluu na kijani zilikuwa ghali mno. Kwa kuangalia juujuu, wazo lake la siku zote lilikuwa pale: kitu cha bei ndogo, kipelekwe pahali papya.

Lakini Virtual Boy haikuwa Game Boy. Ilipaswa kuvaliwa kichwani. Mwishowe iliwekwa juu ya miguu miwili mezani, na mchezaji akainama kuingiza uso ndani, shingo ikimuuma. Kila kitu kilikuwa chekundu na cheusi. Wengi walilalamika kuumwa kichwa, na sanduku lilionya kwamba watoto wa chini ya miaka saba wasiitumie. Hakuna mtu wa pembeni aliyeweza kuona mchezo, kwa hiyo dukani hapakuwa na njia ya kuushangilia. Na yule mtu aliyeishinda Game Gear kwa hesabu ya pile alitoa mashini inayokula pile sita.

Iliuzwa kuanzia tarehe 21 Julai 1995 Japani, na mwezi uliofuata Marekani. Michezo 22 tu ilitoka kwa jumla. Japani iliachwa kabla ya mwisho wa mwaka, Marekani mapema mwaka 1996. Ziliuzwa karibu 770,000, ndani ya shirika lililozoea kuhesabu kwa makumi ya milioni.

Watu wengi wameandika kwamba Yokoi alifukuzwa, au alijiuzulu kwa aibu. Yeye alikataa maelezo hayo. Alisema alikuwa na mpango wa kujitegemea tangu zamani, akifika kama miaka 50, na kwamba umri huo ulikuwa umekwisha kupita. Tarehe zinampa haki kwa sehemu: hakuondoka baada ya Virtual Boy, alibaki kwanza kumaliza Game Boy Pocket, ndogo na nyepesi, yenye kioo kinachoonekana vizuri zaidi, iliyotoka Julai 1996. Miezi michache kabla, Pokémon ilikuwa imetoka kwa Game Boy na ilikuwa inaanza kuifufua mashini hiyo ya miaka saba, watoto wakiunganisha mbili kwa waya ili wabadilishane wanyama. Ni vigumu hata hivyo kuamini kwamba kushindwa kule hakukuuma. Mtu aliyeiokoa Nintendo mara tatu aliondoka tarehe 15 Agosti 1996, na magazeti ya Japani yaliandika juu ya kushindwa kwake zaidi ya kazi yake.

Alifungua shirika lake mjini Kyoto, Koto, lenye watu wachache. Bandai, shirika kubwa la vitu vya kuchezea, lilimkaribia kwa ajili ya mashini mpya ya mfukoni. Fundi wa Game Boy akaanza kutengeneza mshindani wa Game Boy. Hakubadilisha njia: kioo kisicho na rangi, bei ya chini, na safari hii si pile nne wala mbili, bali moja.

Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa ndani ya gari kwenye barabara kuu ya Hokuriku, jimbo la Ishikawa. Gari liligongana kidogo na kamyo. Halikuwa jambo kubwa. Yokoi alishuka kuangalia uharibifu, na gari nyingine iliyokuwa inapita ikamgonga. Alifariki siku hiyo akiwa na miaka 56.

Mashini yake, WonderSwan, ilitoka tarehe 4 Machi 1999, kwa yen 4,800. Kwa pile moja ilicheza zaidi ya masaa thelathini, na iliweza kushikwa ikiwa imelala au imesimama. Ilikuta Game Boy Color imekwisha kufika madukani, na ndani ya miaka minne Bandai iliiacha. Kati ya michezo ya kwanza iliyouzwa pamoja nayo kulikuwa na fumbo la kupanga vistari ambalo Yokoi alikuwa amelianzisha. Bandai iliupa mchezo huo jina la Gunpey.

Kunako mwaka 2003 watengenezaji wa michezo walimpa tuzo ya kazi ya maisha yote.